Mtoto Namba Thelathini na Saba

Gaudensia alikuwa na watoto sitini na mmoja, na hao mbali na watatu aliowazaa mwenyewe. Wa kuzaa walishaota mbawa zamani, mmoja Geita na wawili Mwanza, wanampigia simu Jumapili baada ya misa kama walivyolelewa. Hawa sitini na mmoja walikuwa wa daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa kubwa, la jalada gumu la kijani, limeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa kushonea vidonda. Lilikaa kwenye kabati la chumba cha mwisho cha hospitali moja mjini Musoma, chumba ambacho Alhamisi kilikuwa kliniki ya watoto wenye kisukari na siku nyingine kilikuwa stoo. Kila mtoto wa mkoa aliyegunduliwa na ugonjwa huo, awe amekuja kwa miguu yake, amebebwa mgongoni, au jina lake limetumwa kwa simu kutoka kituo kingine, alipewa mstari wake humo: namba, jina, umri wa siku aliyogunduliwa, kijiji, mlezi, uzito, dozi ya insulini. Mwisho wa mstari kulikuwa na safu mbili ambazo Gaudensia hakuzipenda hata kidogo. Ya kwanza iliandikwa Hali. Ya pili iliandikwa Sababu ya Kupotea.

Alianza kulijaza akiwa na magoti mazima. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa na miezi tisa, anapanda ngazi kwa kushika ukuta, na ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja unaotoka kwa chai na usingizi, ni ule uliokaa kwenye mifupa ukajenga nyumba. Alichoka kuwafundisha kina mama kuchoma sindano huku wanalia, alichoka kuomba vijiti vya kupimia sukari, alichoka hata kusikia jina lake likiitwa kwenye korido.

Kila mwisho wa Machi orodha ilifungwa na kutumwa kwa watafiti wa Mwanza. Hilo halikuwa jambo la mchezo. Hakuna mtu anayeweza kupita nyumba kwa nyumba kutoka kisiwani Rukuba mpaka Bunda akihesabu watoto wa kisukari. Watafiti wanasoma daftari. Humo ndimo wanamojua watoto ni wangapi, wanagunduliwa wakiwa na umri gani, wangapi wanafika mwaka wa tano, na wasiofika wamepotelea wapi. Daftari likisema kweli, wanajua kweli. Likisema uongo, wanauandika kwa herufi nzuri na kuusambaza nchi nzima.

Mwaka huu Gaudensia hakuweza kuifunga orodha, na sababu ilikuwa namba thelathini na saba.

Namba thelathini na saba alikuwa Prosper, mtoto wa mvuvi Apolinary wa Rukuba. Aliletwa na miaka minne, mkavu, anakunywa maji mpaka ya kuoshea vyombo. Mama yake, Matrida, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alijifunza sindano siku ya kwanza bila kutoa chozi, na kwa miaka mitatu hakukosa kliniki. Alikuwa anavuka na mtumbwi wa injini alfajiri, anashukia mwaloni Mwigobero na mtoto na mfuko wake, anafika wa kwanza kwenye benchi akinuka moshi wa samaki.

Mpaka Alhamisi moja ya Novemba, miezi kumi na sita iliyopita.

Siku hiyo Gaudensia alikuwa peke yake. Mwenzake yuko likizo ya uzazi, wagonjwa thelathini na wawili, hajala tangu usiku. Matrida akampa kidaftari cha nyumbani, kile ambacho mzazi anaandika sukari ya mtoto asubuhi na jioni. Saba, nane, saba, nane, tisa. Miezi mitatu mizima, kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna hata doa la mafuta kwenye karatasi. Halafu kikaja kipimo cha damu cha miezi mitatu, ambacho hakidanganywi na mtu, nacho kikasema sukari ya Prosper ilikuwa juu mno siku zote hizo.

Kila nesi wa kliniki ya sukari anavijua vidaftari vya namna hiyo. Vinajazwa jana yake usiku, kwa taa, mzazi akiwaza namba zitakazompendeza sista. Gaudensia alishaviona kwa mamia, na siku nyingine angecheka, akamvuta mama pembeni, akamwuliza taratibu kumetokea nini. Siku hiyo alikipiga kidaftari juu ya meza.

"Mama, unamuua mtoto wako kwa kalamu," akasema, na kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Usirudi hapa na daftari la uongo."

Baba mmoja akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba hajaguswa yeye. Matrida alizifunga chupa za insulini kwenye kitenge, akamshika mtoto mkono, akatoka.

Desemba hakuja. Januari hakuja. Simu yake haikupatikana. Mwezi Machi orodha ikafungwa, na Brenda, binti wa ofisi ya watafiti aliyekuwa anaingiza majina kwenye kompyuta kule Mwanza, akapiga simu.

"Sista, namba thelathini na saba umeweka hajulikani, lakini sababu hujaweka. Na wengine watano hivyo hivyo. Mfumo haukubali nafasi tupu."

Sababu zilikuwa na namba zake. Moja ni umbali, mbili ni nauli, tatu ni kuhama, nne ni kwenda kwa mganga, tano ni nyingine, taja. Gaudensia alitazama saa. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni, miguu imevimba. Akachukua biki, akaandika nne kwa Prosper. Kwani si visiwani? Na kwa wale watano akaandika nne, nne, nne, nne, nne, kwa sababu walikuwa wa vijijini, na kwa sababu mkono ulishazoea.

Yangeishia hapo, lakini Februari ya mwaka huu liliingia boksi kutoka Mwanza. Ndani yake mabango mia moja ya rangi. Mabango yalikuwa na picha ya mganga mwenye vibuyu, amepigwa alama kubwa nyekundu ya kukatazwa, na maneno chini yake: Kisukari cha mtoto hakitibiwi kwa mganga. Barua iliyoandamana nayo ilieleza kwamba uchunguzi wa madaftari umeonyesha watoto wengi wanaopotea mkoani Mara wanapotelea kwa waganga, kwa hiyo yanaandaliwa mafunzo maalumu ya kuwaelimisha wazazi.

Gaudensia aliisoma barua amesimama. Alipofika mwisho akatafuta kiti. Takwimu ile aliijua ilikotoka. Haikutoka Rukuba wala kijiji kingine chochote, ilitoka kwenye biki yake, saa kumi na mbili jioni, miguu imevimba. Alimgombeza mwanamke kwa kuandika asichokipima, naye akafanya kile kile, tena kwenye daftari linalosomwa na wakubwa. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Hapo ndipo alipoamua. Wote sita asingeweza kuwafuata, mwili ulikuwa umekataa. Lakini huyu mmoja, kabla hajakabidhi funguo za kabati, lazima ajue: Prosper yuko hai au amekufa. Na kama amekufa, je, ni yeye Gaudensia aliyemfukuza?

Jumatatu yake ya mapumziko akateremka Mwigobero. Alimtafuta Fredy, yule anayeandika abiria wa mitumbwi ya visiwani, akamkuta amekaa juu ya ndoo kati ya magunia ya dagaa, daftari lake limelowa pembeni.

"Apolinary wa Rukuba? Huyo alishahamaga, Sista," Fredy akasema. "Aliuza nyavu zote akaenda Bunda. Nasikiaga yuko kwenye mashine ya kukoboa mpunga."

"Na mke wake? Na mtoto?"

"Hao sijui. Mimi naandika anayepanda. Akishashuka si wangu tena."

Gaudensia alitaka kumwambia kwamba na yeye kazi yake ni hiyo hiyo, ila hakuwa na nguvu ya utani.

Jumatatu iliyofuata akaenda Bunda. Bunda ni kwao. Angeweza kupita kwa dada zake akapumzika, akala, lakini hakupita, maana wangemwuliza anatafuta nini na asingejua aanzie wapi. Alimpata Apolinary kwenye mashine ya tatu aliyoulizia, mweupe wa pumba kuanzia nywele mpaka kope. Alikuwa amekonda. Wakasimama nje, mbali na kelele.

"Nyavu ziliishia kwenye dawa," Apolinary akasema. "Mama yake alikataa kurudi kliniki, akasema bora tununue. Tukawa tunanunua hapa Bunda, chupa kwa chupa. Hela ilipokata tukaanza kugombana kila siku. Februari mwaka jana akamchukua mtoto, akaenda kwa mama yake, Buswahili."

"Hujampigia?"

"Nimpigie nimwambie nini, Sista? Sina kitu." Akajifuta uso kwa mkono, pumba zikazidi kuenea. "Kama mtoto angekufa si ningeitwa?"

Gaudensia akatazama chini.

"Ningeitwa," Apolinary akasema tena, taratibu, akimtazama machoni kana kwamba yeye ndiye wa kumhakikishia.

Njiani kurudi Musoma alifanya hesabu aliyokuwa anaikwepa. Insulini ya kununua ilikwisha Februari ya mwaka jana. Mtoto wa namna ile bila insulini hamalizi wiki mbili. Hata kama walikuwa wanampa nusu nusu, hata kama bibi yake alikuwa na kuku wa kuuza, mpaka leo ni zaidi ya mwaka. Alikuwa na uzoefu wa kutosha kujua hesabu ile inaangukia wapi. Usiku ule alisali rozari yote na hakukumbuka fumbo hata moja.

Angeweza kuacha hapo. Angeandika amefariki na hakuna ambaye angemwuliza. Badala yake Jumatatu ya tatu, ya mwisho kabla ya orodha kufungwa, alivaa viatu vya raba, akafunga magoti bandeji, akaenda mpaka Butiama, na kutoka hapo akakodi pikipiki kwenda Buswahili. Njia ilikuwa mbovu. Kila tuta aliliamkia kwa jina la Bikira Maria, mpaka dereva akamwuliza kama yeye ni mtawa.

Nyumba ya mama yake Matrida ilikuwa mwisho wa mashamba ya mihogo. Mwanamke mzee, mfupi, mkakamavu, alikuwa anaanua udaga, mihogo iliyovundikwa ikakaushwa juani. Jina lake Nyangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leta hicho kigoda ukae, naona miguu inakusumbua."

Wakaulizana habari za njia, za mvua, za nyumbani. Gaudensia alisubiri mpaka yaishe, kama inavyotakiwa, halafu akasema, "Mama, mimi natoka hospitali Musoma. Namtafuta mjukuu wako. Prosper."

Bibi Nyangi aliacha udaga. Akamtazama mgeni muda mrefu.

"Hapa hakuna mtoto wa jina hilo," akasema.

Gaudensia aliinamisha kichwa. Miaka thelathini na mitano ya kazi, bado hakujua uso unawekwaje katika saa ya namna hiyo. Alikuwa anatafuta maneno ya pole pale mlango wa uani uliposukumwa, akaingia mtoto wa kiume mwenye sare ya shule, begi mgongoni, vumbi mpaka magotini. Kwenye muundi wa kulia alikuwa na kovu la moto, refu, limepinda. Gaudensia alilijua kovu lile. Alishalipaka dawa mwenyewe.

"Burito," bibi akaita, "msalimie mgeni, halafu unawe mikono upime."

Mtoto akasalimia, akapita.

Burito. Jina hilo nalo alilijua. Namba hamsini na nane. Burito, mvulana, miaka saba, kata ya Buswahili, mlezi Nyangi, mgonjwa mpya. Ilikuja Aprili ya mwaka jana katika orodha anayotuma kila mwezi Gody, tabibu wa kituo kimoja cha upande wa Butiama, naye Gaudensia aliinakili kwa mkono wake mwenyewe. Tena alifurahi. Alimpigia hadi Brenda kumwambia kwamba sasa watoto wanaanza kugunduliwa na huko vijijini.

Mtu wa Mwanza angesamehewa kwa kosa hilo la kumwandika mtoto mmoja mara mbili. Yeye asingesamehewa. Kwao Bunda hakuna anayemwita Gaudensia. Nyumbani yeye ni Nyamburi. Alilia siku tatu baada ya kuzaliwa, wazee wakaona kuna marehemu anadai jina, wakampa la bibi wa baba yake, akanyamaza, akanyonya. Alijua tangu utotoni kwamba huku kwetu mtoto akiugua sana jina lake linaweza kubadilishwa. Na bado kwa miaka yote hiyo alifungua mistari kwenye daftari na kuwauliza wazazi jina la ubatizo tu, halafu akashangaa watoto wanapotelea wapi.

"Dawa tulimpa nusu nusu, ilipokwisha akalazwa kwa Gody siku nne hajui mtu, wiki ya Pasaka," Bibi Nyangi akaeleza. "Baba mkwe wangu, mzee Burito, akanijia usingizini mara mbili, anasimama mlangoni. Nikasema huyu anataka jina lake. Tukampa. Hilo la zamani hatulitajagi hapa, lilikuwa na maradhi."

"Na dawa, mama? Mliacha?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeuliza kama huku watu wanakula.

"Jina tumempa, na sindano tunampa. Asubuhi mimi, jioni mama yake. Njoo uone."

Ndani, kwenye kona yenye giza, kulikuwa na chungu kimekalishwa ndani ya chungu kingine kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu. Bibi akafunua. Chupa mbili za insulini zilikaa humo, za baridi, safi, mwandiko wa Gody kwenye lebo. Gaudensia aliwaza lile boksi la mabango na mganga wake mwenye vibuyu, akaona haya mbele ya chungu.

Matrida alirudi kutoka shamba jua likiwa limeshalegea. Alipomwona mgeni alisimama pale pale njiani, jembe begani. Halafu akaliweka chini, akapita moja kwa moja ndani bila kusalimia, akatoka na kidaftari. Alikitoa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

"Hiki ni cha kweli, Sista."

Moyo wa Gaudensia ulikatika. Alipokea kidaftari kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kumi na sita. Nne. Ishirini na moja. Kumi na moja. Namba mbaya na namba nzuri zimechanganyika, za kalamu tofauti, moja ya penseli, ukurasa mmoja una mafuta, mwingine umekunjwa na mvua. Hapa na pale hapakuwa na namba, palikuwa na mstari mfupi.

"Hivi vistari ni nini?"

"Siku vijiti vimeisha naweka kistari. Gody alisemaga, siku hujapima usiandike namba, weka kistari tu, tutajua."

Wakakaa. Burito alikuwa anacheka na kuku huko uani.

"Kule kisiwani kulitokea nini?" Gaudensia akauliza. Alikuwa amechelewa miezi kumi na sita kuliuliza swali hilo.

"Mashine ya kupimia iliangukaga ziwani, natoka kwenye mtumbwi. Niliogopa kusema. Mlitupa bure, nikaona mtakasirika mtunyime na dawa. Nikajaza tu, namba nzuri nzuri, ili usikasirike."

"Na nikakasirika."

"Ulikasirika," Matrida akasema, bila kinyongo, kama mtu anayethibitisha kwamba siku ile ilinyesha.

"Alipolazwa, kwa nini hukumwambia Gody kwamba mtoto ana namba kwangu? Wangejua alikuwa anachomwa dozi gani."

Matrida aliitazama mikono yake iliyojaa udongo. "Nilijua. Walimwanzishia kidogo kama mgonjwa mpya, sukari ikakataa kushuka wiki tatu, na mimi nimenyamaza. Ulisema nisirudi na daftari la uongo, Sista. La kweli sikuwa nalo."

Gaudensia hakuwa mtu wa kuomba msamaha. Kazini hawaombi, nesi akikosea anakuwa mkali zaidi, na mambo yanapita. Alijikaza, ikashindikana. Machozi yakamtoka mbele ya watu, mwanamke mzima mwenye bandeji magotini.

"Mama Prosper, nisamehe," akasema.

"Mama Burito," bibi akasahihisha kutoka mlangoni.

"Mama Burito. Nisamehe. Kosa lilikuwa langu."

Kuku wakapigiwa kelele, mtoto akacheka tena. Mwishowe Matrida akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Utakula, Sista? Kuna ugali wa mtama, na samaki wadogo wakavu, furu."

Akala. Kabla ya chakula mtoto akajipima mwenyewe, kidole hakitikisiki, kikatoka kumi na mbili, akaandika kumi na mbili. Bibi Nyangi alimsindikiza mgeni mpaka kwenye pikipiki, na alikuwa na jambo moja tu.

"Jina lile usilirudishe kwenye karatasi zako. Ukimwita lile, mimi simleti."

"Sitamwita, mama."

Kesho yake Gaudensia alifungua kabati. Namba hamsini na nane akaipiga mstari kwa rula, akaandika pembeni: tazama thelathini na saba. Kwenye thelathini na saba akaandika jina jipya, la zamani akaliacha bila kuligusa wala kulisoma kwa sauti. Akajumlisha. Watoto walikuwa sitini na mmoja, sasa ni sitini, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kufurahi namba ikipungua. Kwenye Hali akaandika hai, akairudia mara ya pili kwa kuikoleza.

Ikabaki ile safu ya mwisho. Akaikata nne ya mwaka jana, akaandika tano, nyingine, na mahali pa kutaja akataja. Halafu akashuka kwa wale watano, mmoja baada ya mwingine, akazikata nne zao. Akapiga picha kurasa, akazituma.

Brenda alipiga simu Alhamisi asubuhi, kliniki ikiwa ndiyo inaanza.

"Sista, hapa thelathini na saba nasoma, 'Nesi alimgombeza mama mbele ya watu.' Ni nesi gani huyo?"

"Mimi."

"Labda niandike mawasiliano hafifu kati ya mzazi na mtoa huduma?"

"Andika kama nilivyoandika."

"Sawa, Sista. Ila hawa watano... mabango yameshachapwa, mafunzo ni mwezi ujao, na wewe sasa umefuta. Nafasi tupu mfumo hautapokea."

"Si tupu. Nimeweka kistari."

"Naviona. Kistari maana yake nini?"

"Maana yake sikupima," Gaudensia akasema. Akaiweka simu chini, maana mama wa kwanza alikuwa ameshakaa mbele yake na mtoto mgeni mapajani, na kabla ya kitu kingine chochote alitaka kumwuliza nyumbani wanamwitaje.